Kebo Zilizovuliwa Nyuzi

Mimi ndiye niliyezikata zile nyuzi. Nianze hapo hapo, maana jirani yangu akisikia nasimulia habari hii na kuanzia mahali pengine, atakuja kuisimulia mwenyewe, na yeye hana huruma.

Nilizikata kwa mkasi wa kazi, nikazikusanya kwenye karai, nikazichoma nyuma ya choo pamoja na maganda ya viazi. Na mimi ni fundi wa cherehani. Mtu ambaye ugali wake unatokana na uzi, akikuta uzi umefungwa mahali kwa mafundo mawili, angejiuliza nani aliufunga na kwa nini. Mimi nilijiuliza tu kama karai litatosha.

Tulikuwa tukiishi pamoja, mimi na ndugu yangu mkubwa na mke wake na binti zao wawili, katika nyumba ya vyumba vitatu upande wa Machakos unaoelekea milimani. Ndugu yangu alikuwa mtu wa barabara, mimi mtu wa veranda. Yeye leo yuko Lukenya kwenye ofisi za machimbo ya mawe, kesho yuko kwingine. Mimi safari yangu ndefu ilikuwa kwenda sokoni kununua vifungo, na nilirudi nimechoka kama mtu aliyehiji. Nilishona sare za shule, nikapika, nikafagia. Wenzangu niliosoma nao sekondari wakinikuta njiani walikuwa wakimsalimia ndugu yangu kwa kumuuliza, "Mke wako wa pili hajambo?" huku mimi nimesimama pale pale.

Kazi yake ilikuwa mitambo ya simu za ofisi. Miaka ile simu za mkononi zilikuwa bado za watu wenye matumbo makubwa. Ofisi ya kawaida ilikuwa na laini mbili tatu kutoka nje, na sanduku ukutani ambalo lilizigawa kwa meza zote za ndani. Sanduku hilo lilikuwa na akili, lakini akili ya kuwekewa. Lazima mtu aje na kompyuta ya kubeba, aiunganishe na sanduku kwa kebo, aliambie: simu ikiingia ilie kwa karani kwanza, ikikosa mtu iende kwa mhasibu, na huyu wa stoo asiruhusiwe kupiga mbali. Kebo yenyewe aliiita siriali. Ilikuwa na kichwa cha pini tisa kila upande, na skrubu mbili za kukazia. Alikuwa nazo tele, zimening'inia kwenye misumari ukutani, juu ya kiti chake sebuleni, na kwa macho yangu zote zilikuwa pacha.

"Kwani si waya ni waya?" nilimuuliza siku moja.

"Waya ni waya kwa mtu wa cherehani," akasema. "Sikiza. Kompyuta iko na mdomo na iko na sikio. Mtambo pia. Kuna mtambo unataka nyaya zinyooke ndani ya kebo, na kuna mwingine unataka zipishane, mdomo wa huyu uende kwa sikio la yule. Ukikosea, unapeleka mdomo kwa mdomo. Wote wawili wanaongea, hakuna mwenye kusikia."

"Kama mimi na jirani."

"Hapana. Jirani huongea. Wewe ndio husikii."

Mke wake alicheka mpaka akaweka chini sufuria. Nami nilicheka, maana mzaha wa ndugu yangu ulikuwa hauumi. Ulikuwa kama kupigwa na mto.

Tena kulikuwa na kebo alizozifungua vichwa na kuzichomelea kwa risasi ya kuyeyushwa mwenyewe, akaunga pini hii na ile kwa ndani, kwa sababu mtambo fulani wa zamani ulikataa kusema mpaka udanganywe. Ukishafunga kichwa, hakuna kinachoonekana kwa nje. Kwa hiyo alizitia alama. Kila alipokwenda Muthetheni kumwona Mwaitu, yaani mama yetu, alimkuta anasuka kikapu chake cha kyondo, naye alichota vipande vya katani vilivyobaki mapajani mwake, vya kijani, vyekundu, vya zambarau.

"Unaibia kyondo changu nguo ukavalishe waya?" Mwaitu alimwambia.

"Waya pia husikia baridi, Mwaitu."

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Niliona pia nyuzi hizo shingoni mwa kebo, fundo moja, mafundo mawili, nikadhani ni za kufungia tu zisitawanyike. Sikuuliza. Mtu wa nyumbani hudhani kwamba kila kitu kilicho nyumbani anakijua.

Homa ilimshika akitoka Lukenya, ambako alilala kwenye kiti ofisini akingoja umeme urudi. Alisema ni mafua. Mafua yakashuka kifuani. Nilikuwa nikimpelekea uji hospitalini kwenye thamosi, na siku ya mwisho nilirudi na thamosi ikiwa imejaa. Nilipita nayo sokoni, nikapanda nayo kilima chote, na mpaka leo sijui kwa nini sikuumwaga uji ule njiani. Nilifika nao nyumbani, nikauweka mezani, mke wa ndugu yangu akautazama, akakaa chini sakafuni.

Wako wanaolia kwa sauti. Mimi nilifagia.

Kabla ya kumsafirisha kwenda kumzika Muthetheni, watu wa kanisa walikuwa waje jioni kwetu kwa maombi. Jirani yangu, mama anayeuza makaa ng'ambo ya ua, alileta sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, akanikuta nimepanda kwenye kiti napangusa dari.

"Fundi, shuka," akasema. "Marehemu hakuuawa na vumbi."

Sikushuka. Nilikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nimeuona ukuta wa ndugu yangu kwa macho ya wale akina mama watakaokuja na vitabu vyao vya nyimbo. Kijana amekufa haraka, mwenye nguvu zake. Watu walikuwa wameshaanza kunong'ona, maana kwetu mtu mzima haachiwi afe na mafua tu. Na hapo ukutani, juu ya kiti chake, misumari imejaa kamba nyeusi, kila kamba ina uzi wa rangi wenye mafundo. Mimi nilijua ni katani ya Mwaitu. Wao wangejuaje? Wangeketi chini yake, wangetazamana, na kesho yake Machakos nzima ingesema ndugu yangu alikuwa na vitu vya mganga.

Kwa hiyo niliteremsha kebo zote, nikakata nyuzi zote, nikazichoma. Nilisimama pale mpaka zikawa majivu, maana moto wa katani hudanganya, unaweza kuzimika nusu. Kisha nikazipangusa kebo kwa kitambaa chenye maji, nikazikunja kwa urefu, fupi na fupi, ndefu na ndefu, nikazifunga kwa mpira mweupe wa suruali. Zilipendeza. Zilikuwa sare kama watoto wa darasa moja. Nikazitia kwenye gunia safi chini ya kitanda changu, na akina mama wa kanisa walipokuja wakaukuta ukuta mtupu, wakaimba bila kutazamana. Nikajisifu moyoni. Nilijiambia, leo nimemlinda.

Kaburini, kaka za shemeji yangu, yaani mke wa marehemu, walikuja kutoka kwao Ekalakala. Hawakuwa watu wabaya. Walizungumza naye kando, chini ya mwembe wa mtu, na mmoja akasema kwa sauti niliyoisikia, "Rudi nyumbani na watoto. Huko mjini utakula nini?"

"Niko na kazi," akasema shemeji.

Wakamtazama kwa sababu hawakujua. Mimi nilijua. Kulikuwa na ofisi moja ya wakulima wa kahawa hapo mjini ambayo ndugu yangu aliitunza kwa mkataba, na kila alipokwenda huko alikwenda na mkewe. Yeye alisimama kwenye ngazi akishika nyaya za ukutani, shemeji akakaa na kompyuta akiandika alichoambiwa. Baada ya muda hakuwa akiambiwa tena. Meneja wa pale alikuja kwenye maombi, akamwambia mbele yangu, "Mama, kama unaweza kuendelea, endelea. Sisi hatuna shida." Ndilo neno lililomshikilia. Bila kazi ile hakukuwa na kodi, na bila kodi hakukuwa na Machakos, wala shule ya watoto, wala nyumba ile yenye sisi wote ndani.

Hazikupita siku nyingi, umeme ukapotea mjini, na uliporudi, mtambo wa ile ofisi ukaamka umesahau kila kitu. Tarishi alikuja kwetu asubuhi na baiskeli, anahema.

"Mama, simu zote zinalia kwa mlinzi wa lango peke yake. Na yeye ameanza kujibu kama meneja."

Shemeji alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Akavaa koti, akaniambia nibebe kompyuta, akaingia sebuleni, akatazama misumari mitupu.

"Shemeji, zile waya za ukutani uliziweka wapi?"

"Ziko salama," nikasema, na nikamletea gunia kwa fahari, nikalifungua.

Akatazama ndani. Akatoa kifungu kimoja, akakigeuza, akatoa kingine.

"Ile ya uzi wa zambarau iko wapi? Mafundo mawili."

Nikainama, nikachukua kifungu kingine, nikakigeuza kama yeye.

"Ya kahawa ni zambarau mafundo mawili. Kijani ni za kunyooka, nyekundu ni za kupishana. Zambarau alizitengeneza yeye mwenyewe, na imebaki hiyo moja tu. Shemeji?"

"Nilidhani watu watasema ni za mganga," nikasema.

Nilimngojea anitukane. Ningefurahi sana. Alifunga tu mdomo wa gunia, polepole, kama mtu anayefunga kifungo cha mtoto, akasema, "Basi tutajaribu moja moja. Twende."

Mtambo ulikuwa kwenye chumba kidogo pamoja na fagio na ndoo, kwa hiyo angalau mimi nilikuwa nyumbani. Shemeji aliwasha kompyuta, akafungua anachofungua, akanionyesha: chomeka, kaza, bonyeza hapa, ngoja. "Ukiona inaomba namba ya siri, niite." Kisha meneja akamwita ofisini kwake, maana kulikuwa na wakulima wamekuja kulalamika na alitaka wasikie kutoka kwa mwenye kazi itachukua muda gani.

Nikabaki na gunia. Kebo nyingine vichwa havikuingia, zina pini mahali panapotakiwa matundu. Hizo nikazitenga. Nyingine ziliingia vizuri kabisa, kama mguu kwenye soksi, na mimi kila moja ilipoingia nilisema, ndiyo hii. Nikabonyeza. Kioo kikabaki cheusi, kimya. Nikatoa, nikatia nyingine. Nilijifunza siku hiyo kwamba kuingia si kukubaliwa.

Halafu nikatia moja, nikabonyeza, na kioo kikajaa. Kilijaa nyota, alama za kuuliza, nusu za herufi, vijistari, kama kuku aliyetoka kwenye matope akatembea kwenye karatasi. Vilizidi kuja, vikapanda juu, vikaendelea. Nikaogopa. Nilidhani naiua kompyuta ya marehemu. Nikaing'oa ile kebo bila hata kulegeza skrubu vizuri, nikaitupa ndani ya gunia na zile zilizokataa, nikafuta jasho. Kioo kikatulia. Nikashukuru Mungu.

Shemeji aliporudi akauliza, "Bado?"

"Hizi zote nimejaribu. Zimebaki hizi."

Aliniamini. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, tukajaribu zilizobaki pamoja, na zote zikawa kimya. Jioni karani akaja na funguo, akasimama mlangoni, na ilikuwa Ijumaa.

Tulitembea kurudi, yeye na gunia, mimi na kompyuta. Nilitaka kumchangamsha. Mimi nikiwa na huzuni hufanya mzaha, ndiyo tabia yetu, niliirithi mahali alipoirithi ndugu yangu ila yeye alipata iliyo bora.

"Lakini moja ilinitisha," nikasema. "Ilitapika takataka kioo kizima. Nyota, maswali. Nikasema hii imekunywa pombe, nikaitoa mbio."

Akasimama. Watu walikuwa wakitoka kazini, wakatupita pande zote mbili.

"Ilitoa herufi?"

"Herufi gani? Takataka."

"Shemeji." Alisema taratibu sana, kama anayemwambia mtoto habari ya kifo. "Ikitoa takataka, inasikia. Ni mwendo tu ndio umekosewa, moja inaongea haraka kuliko nyingine. Unabadilisha mwendo, inaanza kuongea vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa yenyewe."

Nikatazama gunia mkononi mwake. Kebo zote zilikuwa ndani, nyeusi, safi, zimefungwa mpira mweupe.

Tuligeuka tukarudi karibu mbio. Lango lilikuwa limefungwa. Mlinzi, yule aliyekuwa meneja kwa siku moja, alituonea huruma lakini funguo za ndani hakuwa nazo. "Rudini Jumatatu, mama."

Jumatatu tulifika mapema, tukakuta gari la kampuni kutoka Nairobi limeegeshwa mbele ya mlango. Ndani kulikuwa na kijana mpole aliyevaa tai. Ule mtambo wa zamani ulikuwa sakafuni tayari, tumbo wazi, na yeye alikuwa anafunga mpya ukutani. Kebo yake moja ilikuwa bado kwenye nailoni yake. Akatuambia, "Habari zenu," akasogea tupite, akidhani tumekuja kuchukua ndoo.

Meneja alitoka akamshika shemeji mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, ningengoja. Kweli ningengoja. Lakini kahawa haingoji, na wakulima walikuwa wananipigia kelele hapa." Sina neno baya juu yake. Hata mimi ningefanya vile.

Njiani kurudi shemeji hakulia. Alisimama kwa mama anayeuza ndizi, akanunua za watoto.

Kaka zake walipokuja na pikapu kumchukua, walimuuliza ile kazi imekuwaje. Nilikuwa natoa kitanda cha watoto mlangoni, nikasimama nacho nusu ndani nusu nje, nikingoja. Akasema, "Mtambo ulikuwa mzee. Walileta mwingine." Hapo tu. Hakunitazama wakati akisema, na hajawahi kusema zaidi kwa mtu yeyote ninayemjua. Lawama niliitarajia. Hilo sikulitarajia, na ndilo lililonikalia.

Binti mdogo aliniuliza kama nitakuja kuwashonea sare za shule mpya. Nikamwambia nitakuja, ni karibu tu. Yeye alinijua. Akasema, "Wewe huwa huendi mahali."

Gunia lilibaki. Shemeji alisema Ekalakala hakuna ofisi ya kuunganisha.

Nikawa nimebaki na vyumba vitatu ambavyo sikuweza kuvilipia, na kwa ule mwezi wa mwisho nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Mtu mmoja wa redio pale sokoni aliniambia jambo ambalo hata kutokana na fizikia ya sekondari nilipaswa kulikumbuka: chukua betri za tochi na balbu, gusa pini ya upande huu, tafuta upande ule ni pini gani inayowasha. Nilikaa kwenye veranda nikafanya hivyo, kebo baada ya kebo. Balbu ikawaka pini namba mbili kwa namba mbili, hii ya kunyooka. Ikawaka mbili kwa tatu, hii imepishana. Na moja ikawasha mahali ambapo hapakupaswa kuwaka, pini mbili za upande mmoja zimeshikana kwa ndani. Niliirudia. Ikawaka tena. Nilikishika kile kichwa cha kebo, na nikaona doa dogo la risasi limechungulia ukingoni, palipokuwa na joto la mkono wake.

Nilipanda gari nikaenda Muthetheni, mimi, kwa hiari yangu. Mwaitu alikuwa anasuka. Nikamwomba kipande cha zambarau. Hakuniuliza cha nini. Alinikatia kirefu kuliko nilichohitaji.

Nikarudi nikaifunga, mafundo mawili. Nyingine nikazifunga kijani na nyekundu, nikazirudisha kwenye misumari yake kila moja, kisha nikafagia sebule, nikafagia chumba cha watoto ambacho hakikuwa na kitu cha kufagia, nikatoka na karai lisilo na chochote ndani.

Jirani alikuwa ameegemea ua, mikono myeusi kwa makaa. Alitazama karai, akatazama kupitia mlango wangu uliokuwa wazi mpaka ukuta wa nyuma, hakukuwa na kitu cha kuzuia macho. Akasema:

"Fundi, wewe siku zote ulikuwa unataka nyumba safi. Haya, iko safi. Hakuna hata mtu wa kuichafua."